Kwenye sensa tulikuwa kaya, kwenye kodi nipo peke yangu

Kwa: Waheshimiwa wabunge wa Mkoa wa Mwanza, waheshimiwa madiwani wa Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela, na ninyi nyote mnaokuwepo mezani bajeti inapoandikwa.

YAH: MSHAHARA MMOJA, WATU SITA, KITANGIRI

Shikamooni wakubwa. Walio rika langu, habari za kazi.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. (Nimeandika barua za kikazi miaka kumi na moja, sijui kuanza kwa namna nyingine.)

Agosti 2022 karani wa sensa aliingia uani kwetu na kishikwambi chake. Viti havikutosha, akakalia ndoo tuliyoipindua. Akauliza mkuu wa kaya ni nani, walilala nani na nani usiku wa kuamkia tarehe 23, kila mmoja ana umri gani, tunapikia nini, maji tunayatoa wapi, choo ni cha aina gani na tunachangia na nani. Mke wangu alimjibu yote huku anachambua mchele. Binti yetu mkubwa alifurahi mno kuona jina lake linaingizwa serikalini. Tulikuwa wanne. Matokeo yalipotoka nchi ilikuwa na watu 61,741,120, na mkoa wetu 3,699,872, wa pili nyuma ya Dar es Salaam. Napenda kuamini kwamba kati ya wale 72 wa mwisho, wanne ni sisi.

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu tangu pale hakuna ofisi iliyonihesabu tena pamoja na watu ninaowalisha. Kwenye makato ya mshahara niko peke yangu. Kwenye LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, sisi na kaya nyingine nne tumegeuka mtu mmoja. Kwa mwenye nyumba mimi ni vyumba viwili. Kaya kama kaya, ile ambayo karani aliiandika vizuri akiwa juu ya ndoo, haionekani popote.

Sasa tuko sita. Mtoto wa tatu alizaliwa Januari 2024, na mwaka huohuo mama yangu alianguka kwa kiharusi huko Magu, tukamleta mjini. Anayepokea mshahara ni mmoja, ni mimi. Natunza stoo kwenye kiwanda cha minofu ya samaki. Sangara anaingia mzima, minofu inapanda ndege, vichwa na mifupa, yale tunayoyaita mapanki, yanarudi mtaani kwetu. Nalipwa 620,000 kwa mwezi kabla ya makato.

Najua kuna watakaosema huyu ana mshahara mzuri, analia nini. Ni kweli, wapo chini yangu wengi. Kima cha chini cha watumishi wa umma kilipanda Julai 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000. Cha sekta binafsi kimetoka wastani wa 275,060 hadi 358,322 kuanzia Januari 2026. Sijiiti fukara. TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, ambao kwa haki yao wanaijua kaya, wakipita mtaani kwetu hawatanigusa, na ndivyo inavyotakiwa. Barua hii inatoka kwa wale wa katikati, ambao si maskini wa kusaidiwa na hawana cha kuweka akiba.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mke wangu hafanyi kazi. Swali hilo nimeulizwa na mashemeji, na bosi, hata na konda mmoja wa daladala. Alikuwa anafanya. Alikuwa muuzaji kwenye duka la vitambaa mjini, mshahara 200,000. Likizo yake ya uzazi ya siku 84 ilipoisha, Aprili 2024, tulikaa kitandani usiku na kalamu na gamba la daftari la mtoto. Toa NSSF, mchango wa hifadhi ya jamii, zinabaki 180,000. Nauli kwenda na kurudi 1,200, siku 26, ni 31,200. Dada wa kazi 70,000. Dada naye anakula, hata ukimkadiria 1,500 kwa siku ni 45,000. Chakula chake mwenyewe cha mchana kule mjini, 1,500 mara 26, ni 39,000. Nikajumlisha, nikatoa. Tukawa tunadaiwa 5,200. Yaani aende dukani kila siku, asimame saa kumi, amwachie mtoto mchanga mtu mwingine, halafu mwisho wa mwezi nimwongezee elfu tano na mia mbili juu.

Alicheka. Kisha akaniuliza kama nimeweka vizuri ile ya nauli.

Na niseme hili, maana linanikera mpaka leo: hesabu yenyewe ilisimama juu ya mgongo wa msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Sengerema, ambaye tulikuwa tunamlipa 70,000 ili mke wangu aweze kulipwa 200,000. Yeye naye alikuwa na mdogo wake anamsomesha. Kwa hiyo msinielewe kwamba tulikuwa na kipato cha pili, kikapotea. Tulikuwa tunakopa kipato cha pili kwa mtu mwenye shida kuliko sisi.

Miezi mitatu baadaye mama akaanguka, swali lenyewe likajifuta. Upande wake wa kulia umekufa ganzi. Anahitaji kuoshwa, kugeuzwa, kupelekwa kliniki. Kila asubuhi anatuamkia "mwangaluka" kwa mdomo uliopinda kidogo, na anayeitikia wa kwanza ni mke wangu, kwa sababu mimi ama niko zamu ama nimetoka zamu nimelala. Kazi yake ya sasa ni kubwa kuliko ya duka la vitambaa. Malipo hakuna.

Sasa nije kwenye kodi.

Mimi wa 620,000, ukitoa mchango wa NSSF wa asilimia 10, kinachobaki cha kukatwa kodi ni 558,000. Shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi, na hapo nawashukuru, kwa sababu kabla ya bajeti ya 2020 kiwango hicho kilikuwa 170,000. Kutoka 270,000 hadi 520,000 ni asilimia 8. Kuvuka hapo, hadi 760,000, ni asilimia 20. Kwa hiyo PAYE yangu, yaani kodi ya mshahara, ni 27,600 kila mwezi. Siipingi. Barabara nazipita, na watoto wanasoma shule ya serikali bila ada.

Lakini chukueni nyumba nyingine, mume na mke wote wameajiriwa, kila mmoja analipwa 310,000. Jumla yao ni 620,000, sawasawa na yangu. Kila mmoja akitoa NSSF anabaki na 279,000. Inayovuka mstari ni 9,000 tu. Asilimia 8 ya hiyo ni 720. Wawili kwa pamoja wanalipa PAYE ya 1,440.

Mimi 27,600. Wao 1,440. Pesa inayoingia kwenye nyumba zote mbili inalingana kabisa.

Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi, mara ya mwisho kwenye boksi la samaki, nikamwonyesha mhasibu wetu. Akanijibu, "Bwana stoo, kodi inamkata mtu, haikati nyumba." Jibu zuri sana, sina la kuongeza. Ila mwezi ukiisha sili kama mtu. Nakula kama nyumba.

Hiyo nyumba ya pili siionei wivu. Wana dada wa kazi wa kumlipa, wana nauli mara mbili, na mtoto akiugua mmoja wao anakatwa siku. Kuna miezi wanaumia kuliko sisi. Wala sitaki wapandishiwe. Ninachosema ni kwamba kodi yenu haijui kama mwenye mshahara ana watoto watatu na mzazi mgonjwa au analala na redio yake. Bachela mwenye 620,000 ananunua viatu vya mpira, mimi nanunua sare tatu, na sote tunakatwa 27,600. Wala msifikiri jambo hili halijapata kufanyika duniani. Ufaransa, tangu mwaka 1945, kodi ya mapato hukokotolewa kwa kuangalia kaya ina watu wangapi. Sisemi tuwe Ufaransa. Nasema inahesabika.

Na hapa kwetu makaratasi yapo tayari. Bima ya afya ya watumishi kwa miaka mingi imekuwa ikimwandikisha mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wanne. Jumla sita, kana kwamba walikuja kutupima sisi. Unapeleka cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, picha, wanakuamini. Kama serikali inaweza kumtambua mtegemezi wangu akiumwa, inashindwa nini kumtambua akiwa mzima na anakula? Kwa kila mtegemezi aliyethibitishwa, ongezeni kidogo kwenye ile 270,000 isiyokatwa, na mistari ya juu yake isogee kwa kiasi hichohicho. Hata 30,000 kwa kichwa. Mama yangu na watoto watatu na mama yao ni 150,000 ya kutokukatwa. Kwangu mimi PAYE ingeshuka hadi 11,040. Hiyo tofauti ya zaidi ya elfu 16 nitawaonyesha sasa hivi inaenda wapi.

Mkononi napokea 530,400. Pango 120,000. Chakula cha watu sita, tukijibana, 9,000 kwa siku, ni 270,000. Nauli yangu 31,200. Umeme kama 14,000, maji 9,000, gesi na mkaa vikichanganywa 30,000. Inabaki 56,200. Hiyo ndiyo ya daftari, viatu, dawa za presha za mama zinapokosekana dirishani, mchango wa chakula shuleni, nywele za mabinti, sabuni, misiba, na harusi za watu ambao walichanga kwenye yangu. Ukiona mtu wa Mwanza anapokea kadi ya mchango kwa mikono miwili huku anatabasamu, mwangalieni macho.

Chakula cha 9,000 nacho kinategemea mwezi, na hapa namaanisha mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti, wavuvi wanapumzika, na pale soko la Mwaloni fungu la 1,000 linanywea mpaka unalidhania la 500. Siku hizo tunahamia kwenye maharage na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, inayoletwa na shangazi kutoka Magu. Sato siwataji. Sangara ninao kazini, nawaona kwa tani, nawaandika kwenye kitabu.

Kuhusu umeme nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nyumba yetu ina vyumba nane, kaya tano, mita moja. Kuna daftari limening'inizwa kwa kamba ya katani karibu na mlango wa uani. Kila wiki mtu mmoja ana zamu ya kukusanya hela na kununua. Meseji ikija, tarakimu ishirini, anakwenda kuzibonyeza na wengine wanamsimamia nyuma kama wanaangalia penalti. Elfu kumi inaleta uniti 28. Mwezi ukianza zinapungua kwa sababu kodi ya jengo inakatwa humohumo, 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, na iliposemwa ikatwe kwenye LUKU tuliambiwa mpangaji atakubaliana na mwenye nyumba wapunguziane kwenye pango. Nendeni mkamwambie mwenye nyumba mpunguziane 1,500 kisha mje mnisimulie.

Lakini hiyo 1,500 si kitu. Kitu ni bei ya uniti. Kuna bei ya mtumiaji mdogo wa nyumbani, asiyevuka uniti 75 kwa mwezi: shilingi 100, na kodi na tozo zikiingia ni 122. Ukivuka mara kwa mara, unaondoka kwenye kundi hilo. Bei ya kawaida ni 292, ikikufikia imeshakuwa kama 356. Bei ndogo iliwekwa kwa ajili ya watu kama sisi. Sisi hatujawahi kuiona. Kaya tano, kila moja ikitumia uniti 40, mita inasoma 200, na kwa macho ya shirika sisi ni tajiri mmoja mwenye nyumba inayowaka kila pembe. Uniti 40 kwa bei ya mdogo ni 4,880. Sisi kila kaya inatoa kama 14,000. Mwenye nyumba yake peke yake kule mtaa wa juu, ana geti na bustani, akijibana na mita yake anaweza kulipa chini ya mpangaji anayelala na watoto watatu chumba kimoja.

Na kuna habari ya friji. Mwaka jana jirani alihama akatuuzia friji dogo la mtumba. Mke wangu alishachoka kuambiwa "jiongeze", akajiongeza kweli. Barafu za ukwaju na za ubuyu, watoto wa shule wanapita mlangoni saa saba na saa tisa. Wiki ya kwanza alipata faida ya 11,000. Alizipanga kitandani noti kwa noti, mama akazigusa kwa mkono ule mzima akasema kitu kwa Kisukuma ambacho sikukisikia vizuri kwa sababu wote walikuwa wanacheka.

Wiki ya pili uniti ziliisha siku moja kabla ya kawaida. Wiki ya tatu, siku mbili. Kikao kikaitishwa uani. Mama wa chumba cha kwanza, mtu mstaarabu sana, akasema, "Mama mdogo, hatuna ugomvi na wewe, ila friji lako linakula kuliko wanangu." Tukakubali kuongeza 15,000 kwa mwezi. Tulikuwa bado tunapata kidogo. Ila Ijumaa moja umeme ukaisha saa nne usiku, na mwenye zamu ya kununua alikuwa msibani Kwimba, simu haipatikani, hela ziko kwake. Asubuhi barafu mia moja na kitu zilikuwa maji ya rangi mbili kwenye vifuko. Ikatokea tena baada ya siku tisa. Ya pili mke wangu hakusema kitu. Alilipangusa ndani, akaling'oa waya.

Friji sasa ni kabati. Tunawekea unga, panya hawaingii.

Fundi alishatupimia: friji lile lilikuwa linakula kama uniti moja kwa siku. Tungekuwa na mita yetu, uniti 40 zetu na 30 za friji ni 70. Tuko ndani ya 75. Tungelipa 8,540 kwa mwezi, tukiwa na biashara. Tunalipa 14,000 bila biashara. Sasa mtu anaposimama jukwaani kuwaambia akina mama wa Mwanza wajiajiri, aanze na mita. Wekeni utaratibu kwamba nyumba ya kupangisha yenye kaya zaidi ya moja inaweza kupata mita kwa kila kaya kwa gharama ya kulipwa kidogokidogo kwenye uniti, na maombi yapokelewe kwa mpangaji mwenye barua ya mtendaji wa mtaa, siyo lazima mwenye nyumba aende. Au mita ya pamoja iandikishwe idadi ya kaya, ile 75 izidishwe. Mjumbe wetu anatujua wote, mpaka nani anaoga saa ngapi.

Najua mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri imerudi, asilimia 4 ya wanawake. Mke wangu yumo kwenye kikundi. Nikimuuliza wakipata watafanya nini, anasema kwanza tupate pa kuchomeka.

Pango sasa. Mwanza si Masaki, ndugu zangu wa Dar es Salaam wananicheka nikilalamika. Wasichokijua ni kwamba ardhi ya Mwanza imekaa kama sangara aliyepasuliwa: minofu iko kidogo, pembeni mifupa. Huku ziwa, huku mawe. Pale palipo tambarare, karibu na barabara na kazi, kila mtu anapataka, na aliyekosa anapanda juu. Binamu yangu anakaa Mabatini juu kabisa kwenye majabali, pango lake ni chini ya nusu ya letu. Dumu la maji analouziwa 200 bondeni linamfikia kwa 500, kwa sababu analipandisha kijana kwa miguu. Maji yenyewe nakiri yameboreka upande wetu tangu chanzo cha Butimba kianze, kile cha lita milioni 48 kwa siku. Maji hayajui kupanda jiwe bila pampu, hilo tu.

Kwa nini tusihamie Kisesa au Buhongwa? Tulikwenda kuangalia. Pango lingeshuka kwa 50,000. Zamu yangu ya pili inaisha saa tano usiku, daladala hazipo, bodaboda hadi huko ni 5,000, mara kumi na tatu kwa mwezi ni 65,000. Tukarudi nyumbani.

Vyumba vyetu viwili vilikuwa 90,000. Mwaka jana vikawa 120,000, taarifa tuliipata kwa mdomo, Jumapili, mwenye nyumba akiwa njiani kutoka kanisani. Na kama mnavyojua, hapa pango halilipwi kwa mwezi. Ni miezi sita mkononi. Mara sita ni 720,000, kwa mtu anayepokea 530,400. Kila Januari na Julai nafanya muujiza ambao unaitwa mkopo wa saccos, na Januari ndiyo hiyohiyo ya sare na madaftari. Ukishindwa uhame, dalali anataka ya mwezi mmoja juu ya sita. Mshahara nalipwa kwa mwezi, kodi nakatwa kwa mwezi. Ni pango peke yake linalodhani mimi ni mkulima wa pamba navuna kwa msimu.

Mwenye nyumba wetu simsemi vibaya. Ni mwalimu mstaafu, hiyo miezi sita ndiyo anayomlipia mjukuu chuo. Siku mama alipozidiwa usiku alitupa gari lake. Akiniambia bei ya saruji imepanda, imepanda. Tatizo ni kwamba mimi na yeye tumeachwa tumalizane wenyewe. Nchi hii iliwahi kuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango, ya mwaka 1984. Ilikuwa na matatizo yake, wazee wanayakumbuka, na mwaka 2005 ikafutwa. Sidai irudi yote ilivyokuwa, mkipanga bei watu wataacha kujenga. Nataka mambo mawili ambayo hayamfilisi mwenye nyumba: malipo ya awali yasizidi miezi miwili, na nyongeza itolewe kwa maandishi miezi mitatu kabla. Waheshimiwa madiwani, hata kama Bunge litachelewa, mikataba inaweza kuanza kupita kwa mtendaji wa mtaa. Muhuri wa mtaa tunagongewa hata kwa kufungua akaunti, sembuse kwa paa.

La watoto nitasema kwa ufupi kwa sababu wenzangu wa kike walishalisema vizuri kuliko mimi. Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto ilizinduliwa Desemba 2021, na ndani yake vituo vya kulelea watoto mchana vimetajwa. Jengeni kimoja Mwaloni. Nendeni alfajiri mkaone watoto wamelala juu ya magunia matupu huku mama zao wanaanua dagaa. Kingekuwepo kituo cha 20,000 kwa mwezi karibu na masoko, lile gamba la daftari letu lisingeishia kwenye deni la 5,200, na yule binti wa Sengerema pengine angekuwa mlezi mwenye mkataba humohumo ndani.

Niliposema nawaandikia, mke wangu aliniomba nisiandike kana kwamba tunakufa. Hatufi. Mkubwa ni wa pili darasani. Wa kati anajua kuogelea, alijifunza mwenyewe ziwani bila ruhusa, kesi yake bado iko mahakamani kwa mama yake. Bibi yao ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Nina simu nzuri kuliko inavyonistahili na mara mojamoja nanunua kifurushi cha kuangalia mpira, mkinikuta na hilo sitabisha.

Karani wa sensa ijayo, kwa utaratibu wetu wa kila miaka kumi, atakuja 2032. Nitampa kiti safari hii. Lakini miaka hiyo ni mingi kusubiri kuhesabiwa tena na watoto wangu. Bajeti inasomwa kila Juni.

Nakomea hapa kwa sababu wiki hii daftari la LUKU liko kwangu. Zimebaki uniti tatu na nusu, chumba cha tatu hawajatoa, na nimeona taa yao inawaka.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpangaji wa vyumba viwili,
Kitangiri, Ilemela,
Mwanza.

Nakala: Mwenye nyumba wangu, kwa heshima zote. Ile 1,500 tutaongea.